Jina la Pili Kwenye Hati

Kwa wanandoa wengi wa Dar es Salaam, nyumba ya kwanza hutanguliwa na miaka ya kujinyima, na mara fedha zinapotimia hudhaniwa kwamba kazi kubwa imekwisha, ilhali kazi iliyobaki, ambayo ni ya karatasi, ndiyo inayoamua fedha hizo zimenunua nini na zimemnunulia nani. Akiba yenyewe hukusanywa kwa njia zilizozoeleka: mkopo wa Saccos, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, mgawo wa mwisho wa mwaka wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mauzo ya kiwanja kilichonunuliwa Chanika au Kivule wakati bei ikingali chini, na, kwa wachache, mkopo wa benki unaolipwa kwa miaka mingi huku nyumba yenyewe ikiwa dhamana. Karatasi, kwa upande wake, watu wengi hukutana nazo mara moja tu maishani, na hukutana nazo wakiwa wamechoka.

Uchovu huo una sababu zake na haufai kudharauliwa. Katika wiki zilizopo kati ya kishika uchumba, yaani malipo ya awali yanayomzuia muuzaji asimgeukie mtu mwingine, na siku ya kukabidhiwa ufunguo, dalali ambaye ujira wake unategemea biashara kukamilika hupiga simu asubuhi na jioni akisema yupo mteja mwingine mwenye fedha mkononi. Mwenye nyumba wanamopanga anadai kodi ya miezi sita mingine, na mume na mke wote wawili wanajua kwamba fedha hiyo ikitoka, ya kumalizia nyumba itapungua. Ndugu nao wamekwisha kusikia habari, na wana mgonjwa hospitalini. Usiku, mbele ya daftari la hesabu, jambo dogo kama gharama ya gari la kuhamisha vyombo linatosha kuzua ugomvi ambao hauhusiani na gari hata kidogo, kwa kuwa kila mmoja anaogopa jambo lile lile, kwamba huenda wanauziwa mbuzi kwenye gunia, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Hofu hiyo ina dawa, nayo ni upekuzi, yaani uchunguzi rasmi wa kumbukumbu za ardhi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambao huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama juu ya mali hiyo kuna rehani ya benki, zuio au amri ya mahakama. Kwa kuwa nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, anachonunua mtu, pamoja na jengo, ni haki ya kumiliki ardhi kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na kwa sababu hiyo ni lazima kuuliza miaka mingapi imekwisha kutumika. Nyumba ikiwa ya urithi, anayeuza anapaswa kuwa na barua ya mahakama inayomtambua kuwa msimamizi wa mirathi, kwani kuwa mtoto mkubwa wa marehemu hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Na ikiwa ni makazi ya mume na mke, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka ridhaa ya mwenzi wa muuzaji. Penye maeneo yasiyopimwa hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi kuna leseni ya makazi au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa tu, na hapo majirani wa pande zote nne hugeuka kuwa kumbukumbu ya pekee ya mipaka. Muuzaji mwema haumizwi na maswali haya, na wanandoa wanaoona haya kuyauliza kwa kuhofia kuonekana wasio na adabu wanajionea huruma mahali pasipostahili.

Hata hivyo, swali zito kuliko yote huulizwa ndani ya ofisi ya wakili, siku ya kusaini, na huulizwa kwa haraka. Mezani pana kidau cha wino wa kidole gumba, picha ndogo za pasipoti zinazosubiri kubandikwa, nakala za mkataba, na mashahidi wawili ambao tayari wanatazama saa. Wakili anainua kalamu na kuuliza mnunuzi aandikwe nani. Mara nyingi mume hutaja jina lake, kwa kuwa kitambulisho chake ndicho kilichoko mezani, naye mke, ambaye mkopo wake wa Saccos utakatwa kwenye mshahara kwa miaka minne ijayo, husema kwa sauti ya chini kwamba waandike tu hilo, jina ni jina. Sentensi hiyo hutamkwa kwa mapenzi, na ni miongoni mwa sentensi za gharama kubwa zaidi katika maisha ya ndoa.

Gharama yake inatokana na sheria yenyewe. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na ingawa kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinaelekea upande wa mwenzi pale ardhi inapopatikana kwa matumizi ya wote wawili, kinga hiyo hukoma ikiwa hati inasema wazi kwamba mmoja anamiliki peke yake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, na kanuni hiyo imewafaa wanawake wengi tangu wakati huo, ingawa mwenye shauri hakupata mgawo. Ushindi wa mahakamani ni mwembamba ukilinganishwa na mstari mmoja wa wino ulioandikwa kwa hiari.

Wapo wanaosema kwamba kudai jina la pili ni kujiandalia talaka, lakini hoja hiyo inasahau kifo, ambacho hakingoji ugomvi. Mjane ambaye jina lake halimo huweza kujikuta, kabla hata arobaini haijasomwa, akiulizwa na mashemeji zake funguo ziko wapi, na mgane aliyeiandikisha nyumba kwa jina la marehemu mkewe hana salama kubwa kuliko huyo. Sheria inatambua namna mbili za kumiliki kwa ushirika: katika umiliki wa pamoja, mali yote ni ya wote bila kugawanyika, na mmoja akifariki hubaki kwa aliye hai; katika umiliki kwa hisa, kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, nalo huenda kwa warithi wake. Tofauti hii inagusa imani ya familia, watoto wa ndoa za awali na wazazi wanaowategemea, hivyo inahitaji mazungumzo ya usiku zaidi ya mmoja, na yafanyike nyumbani, kwenye mkeka au kitandani, kabla mashahidi hawajaitwa.

Yaliyobaki ni ya utaratibu: ushuru wa stempu kwa mnunuzi, kodi ya faida ya mauzo kwa muuzaji, kibali cha uhamisho na usajili wake, na stakabadhi kwa kila shilingi inayotoka.

Wanandoa ambao mkataba wao bado haujasainiwa wautoe tena kwenye bahasha leo usiku, dalali aambiwe asubiri hadi kesho, na wasome pamoja, kwa sauti, mstari wenye jina la mnunuzi.