Aliyepunjwa katika Robota, Je, Ana Ruhusa Kupunja katika Nguo?

Kijana mmoja wa Mombasa, ambaye kazi ya ualimu imempeleka Kisii, alitujia siku za likizo na koti mkononi na swali mdomoni. Swali lake lilikuwa dogo: katika maduka ya mitumba ya kuchaguliwa yaliyoko Kisii na Nyamira, ni duka la namna gani linalostahili mtu kutoa fedha yake? Lakini katika kulieleza alitutajia jambo kubwa kuliko swali lenyewe. Koti lile alilikuta dukani limepigwa pasi na kutundikwa vizuri. Alipofika nyumbani akaona bitana yake imeoza chini ya kwapa, nayo imegandishwa kwa gundi. Aliporudi nalo, mama muuzaji hakukana. Alimwambia, “Mwanangu, na mimi nilipunjwa katika robota. Hasara hii niile peke yangu?”

Tangu siku ile neno hilo halikututoka moyoni, nasi tumeona ni wajibu kulitazama pamoja na wasomaji wetu.

Yafaa kwanza tujue biashara hii inavyokwenda, kwani mlango wake uko kwetu. Nguo hizo hushushwa Kilindini zikiwa zimefungwa marobota, aghalabu ya kilo 45. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba, na ukizigawa kwa kilo 45 utapata marobota zaidi ya milioni 4. Kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Mombasa na wa Gikomba, Nairobi, marobota hupakiwa magari hadi nyanda za juu za Kisii, ambako mvua na baridi zimefanya koti na sweta kuwa haja, si pambo. Huko, katika masoko kama Daraja Mbili mjini Kisii, na Keroka penye mpaka wa Kisii na Nyamira, robota hukatwa kamba. Nguo bora, ambazo wafanyabiashara huziita kamera, hutolewa kwanza, na hizo ndizo zinazotundikwa madukani. Zilizobaki hushuka bei siku hata siku mpaka zikawa fagia, zikamwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Basi mwenye kununua robota hulinunua limefungwa. Haoni ila karatasi iliyoandikwa aina ya nguo na daraja yake. Akilifungua akakuta nusu yake ni matambara, mara nyingi hana wa kumrudishia.

Je, sharia yasemaje? Mtume (S.A.W.) alikataza mulamasa, nako ni kuuza nguo kwa kuigusa tu bila ya kuikunjua, na munabadha, nako ni kuuza kwa kurushiana nguo bila ya kuitazama. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa kitu kisichoonwa hakiuzwi. Imam Malik, aliyefariki mwaka 179 wa Hijra, alilizungumza jambo la marobota ya nguo katika Muwatta, akaruhusu yauzwe kwa daftari la sifa zake, kwa sharti kuwa vilivyomo vilingane na daftari. Tazameni, ndugu zetu: zaidi ya miaka 1,200 imepita na swali ni lile lile. Na hata tukishika kauli hii iliyo nyepesi, karatasi iliyosema uongo haimfungi mnunuzi.

Kwa hivyo hatumwambii mama yule kuwa hana hoja. Ikiwa karatasi ilimwahidi nguo za daraja ya kwanza akapewa mbovu, amedhulumiwa kweli, na hatupendi mwendo wa wale wanaowahubiria wauza mitumba uaminifu wasilitazame robota.

Lakini haki yake iko juu ya nani? Iko juu ya yule aliyemuuzia. Mwalimu yule hakulifunga robota wala hakuiandika karatasi. Mtu akiibiwa kuku usiku, hawi na ruhusa asubuhi kuchukua kuku wa jirani. Na lau tungeruhusu kila aliyepunjwa ampunje anayemfuata, dhuluma ingepita mkono kwa mkono mpaka imfikie yule asiye na wa kumuuzia, naye ndiye mnyonge kuliko wote.

Huenda mtu akasema, “Mnunuzi ana macho, mbona hakutazama?” Tunamjibu kwa kisa kinachojulikana. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata majimaji. Mwenye nafaka akajitetea kuwa ni mvua iliyoipata. Angalieni sana hapa: mtu huyu naye alikuwa amepatwa, hakuimwagia maji kwa mkono wake. Wala hakuamrishwa aitupe nafaka yake. Aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Basi kupatwa ni udhuru wa kuwa na bidhaa yenye aibu; si udhuru wa kuificha aibu.

Na jambo hili ni zito zaidi katika duka la nguo za kuchaguliwa kuliko katika fagia. Anayeinama kwenye fagia ajua anachonunua, na bei yenyewe imekwisha kumwonya. Ama anayeingia dukani hulipa zaidi, na ziada ile si thamani ya pamba wala ya sufu. Ni thamani ya jicho la muuzaji, aliyezitazama nguo mia akamtolea kumi. Ujira huo ni halali, kwani ni kazi. Lakini jicho lililolipwa limekuwa amana, na mwenye kuiona aibu akaigandisha kwa gundi ameuza jicho lake mara mbili.

Atasema mwengine, “Mtaji wake ni wa mkopo, na watoto wanangoja chakula.” Hili si neno dogo. Jawabu letu ni kuwa njia ya halali haikuzibwa. Naaishone bitana kwa uzi, aseme kuwa imeshonwa, na auze kwa bei ya koti lililoshonwa. Atapoteza kitu, hatukatai. Lakini atapoteza kilicho chake, wala hatalipia hasara yake kwa mali ya mtu mwengine.

Na hasara hiyo inatuhusu sisi wa pwani. Tutamtaka vipi mama wa Daraja Mbili aonyeshe kila tundu, na hali muuzaji wa jumla hapa kwetu auza robota asilokubali kulirudisha, kisha akaswali safu ya kwanza? Kila aliye juu katika biashara hii mzigo wake ni mkubwa zaidi. Naaiandike karatasi kwa ukweli, na likitokea robota lisilolingana nayo, akubali kulirudisha au kupunguza bei.

Kwa kijana wetu tulisema hivi. Duka linalostahili si lile lenye kioo kikubwa. Ni lile ambalo mwenyewe hukuachia uikunjue nguo na kuitoa mlangoni penye jua. Hukutajia doa kabla hujaliuliza. Hatii fagia katika kamera. Na ukimrudishia nguo kwa aibu iliyokuwa imefichika, huipokea bila ya ugomvi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini kwa pasi na gundi hata kibovu chajiuza, ndiyo maana tunamtazama muuzaji kabla ya nguo. Nawe mnunuzi, ukimpata wa namna hiyo, usimtajie bei ya fagia kwa nguo aliyokuchagulia, wala usiitukane nguo nzuri ili uipate rahisi. Hiyo nayo ni kupunja.

Akatuuliza, “Na koti hili?” Tukamwambia haki ya kulirudisha anayo, na akitaka kusamehe ni hiari yake. Lakini asilitoe kwa mtu kabla ya kumwonyesha bitana. Akalikunja, akarudi nalo Kisii.

Wallahu aalam.