"INSHALLAH": AHADI AU KISINGIZIO?

Huko Chamazi, mbele ya Mbagala, nyumba mpya zajengwa kila mtaa, na kila mtaa wasikia maneno haya: "Nitakuja Jumamosi, Inshallah." Fundi humwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba, akidaiwa ujira, humjibu fundi vivyo hivyo. Je, asemaye hivyo bila nia ya kutimiza amesema uongo?

Neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake "Mungu akipenda". Kurani, katika Sura ya Pango, yakataza mtu kusema atafanya jambo kesho pasipo kuweka sharti hilo. Nasi Wakristo twafundishwa jambo lile lile na Mtakatifu Yakobo, katika sura ya nne ya Waraka wake, awakemeapo wafanyabiashara wanaopanga safari na faida ya mwaka mzima kana kwamba kesho ni mali yao. Kwa Kilatini husemwa Deo volente. Wahispania walilipata kwa Waarabu neno lao ojalá, lakini kwao ni neno la kutamani tu, wala si la kuahidi. (Basi Mkristo aonaye "Mungu akipenda" ni safi kuliko "Inshallah" ajue ya kuwa amebadili sauti tu.)

Liangalieni sharti lenyewe. Halisemi "nikipenda mimi". Mwenye kuahidi hutoa nia yake yote, kisha hukiri ya kuwa uhai, afya na mvua havimo mikononi mwake. Mvua ikinyesha hata njia isipitike, fundi hana hatia. Lakini aliyekwisha kuamua kutokuja amevunja amri mbili kwa neno moja: amesema uongo, tena amelitaja bure jina la Mungu. Ni afadhali asemaye wazi, "Jumamosi sitaweza". Huyo amempa mwenzake nafasi ya kutafuta fundi mwingine.

Wengi hudhani ni adabu kutomkatalia mtu mbele yake. Adabu hiyo ina gharama, na mara nyingi mlipaji ni mnyonge. Mwenye nyumba aweza kungoja mwezi mmoja zaidi katika chumba cha kupanga. Watoto wa kibarua hawawezi kungoja chakula cha jioni. Yakobo huyo huyo, katika sura ifuatayo, awaambia matajiri ya kuwa ujira waliowazuilia wavunaji wao unalia, na kilio hicho kimekwisha kumfikia Bwana.