Moyo wa Nguruwe Kifuani mwa Mtu

Tarehe 7 Januari 2022, huko Baltimore, Marekani, madaktari walimtia mgonjwa David Bennett moyo wa nguruwe. Kwa kuwa kinga ya mwili wetu huishambulia sukari fulani iliyo juu ya chembe za nguruwe, jeni za mnyama huyo zilifanyiwa kwanza mabadiliko 10. Bennett aliishi miezi 2.

Je, Mwislamu aweza kuukubali moyo huo? Qurani Tukufu yaharimisha nyama ya nguruwe, lakini yamwondolea dhambi aliyeshurutishwa, asiyeasi wala kupita kiasi (2:173). Basi ikiwa mwenye njaa husamehewa, seuze anayekufa kwa ubovu wa moyo? Moyo atakaoutazama Mwenyezi Mungu ni nia yako. Na huo daktari hawezi kukubadilishia.