Hatia ya Asiyekusudia

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, hospitali kadhaa za Uingereza zilianza kuahirisha upasuaji na kuyaelekeza magari ya wagonjwa kwingine, kwa sababu kompyuta zao zilikuwa zimefungwa na kirusi kilichoitwa WannaCry. Skrini zilidai dola 300 kwa bitcoin ili mafaili yafunguliwe. Kwa siku chache kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000, kwenye nchi zipatazo 150. Ukiuliza nani mwenye hatia, jibu huja upesi: ni waliokiachia. Ni kweli, na baadaye Marekani na Uingereza ziliitaja Korea Kaskazini. Lakini Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuuziba ufa ambao kirusi hicho kiliutumia tangu tarehe 14 Machi, na hospitali zenyewe zilionywa mwezi huohuo, kisha tena Aprili. Je, aliyepata onyo akalipuuza, mashine yake ikawa njia ya kuwadhuru watu asiowajua, ana dhambi? Nasema anayo, ingawa hakukusudia ubaya wowote.

Torati ililipima jambo la namna hii zamani. Katika Kutoka sura ya 21, ng'ombe akimuua mtu kwa pembe, mnyama huuawa lakini mwenyewe huachiliwa. Ikiwa ng'ombe huyo alijulikana kwa ukali wake, na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, hukumu humgeukia yeye, tena ni ya kifo. Nia ya mwenye mifugo ni ileile katika kesi zote mbili, maana hakutaka mtu afe. Tofauti ni kwamba katika ya pili alikwisha kujua. Kwa hiyo wanaosema dhambi hukaa katika nia peke yake wanasahau kwamba kupuuza nako ni uamuzi: mtu hupima usumbufu wake wa nusu saa ya kusasisha dhidi ya hatari ya wengine, akachagua raha yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafakihi wa Kiislamu. Wao hutofautisha mtendaji na msababishaji, na kanuni yao ni kwamba wawili hao wakikutana katika dhara moja, dhamana humwangukia mtendaji. Mdukuzi ana akili na hiari yake. Kwa nini tumbebeshe mwingine mzigo wake? Hoja hii ina nguvu, nami sisemi mzembe alingane na mhalifu. Ila mafakihi haohao hawamwachilii msababishaji aliyevuka mipaka. Tena WannaCry kilijisambaza chenyewe, kutoka mashine hadi mashine, bila mtu kuichagua hospitali hii au ile. Kompyuta zisizosasishwa zilipokea kirusi, kisha zikakituma mbele. Mtendaji alikuwa mbali. Njia nzima ya kati ilijengwa na uzembe wa watu wema.

Lipo pingamizi la pili, nalo naliheshimu zaidi kwa kuwa ni la wanyonge. Anayenunua bando la siku atawezaje kupakua sasisho linalolimaliza lote? Na bibi aliyewekewa ruta na fundi atajuaje kwamba ina nywila? Hapa kipimo changu kinanilazimisha kuwa mpole: asiyeonywa, au asiye na uwezo, hana hatia. Lakini hatia haipotei hewani, hupanda juu kwa yule anayejua na kuweza. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera za ulinzi na ruta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, zipatazo 60. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo viliishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa huko Marekani. Baadhi ya kamera zile zilitoka kiwandani na nywila ambayo mnunuzi wa kawaida hakuwa na njia ya kuibadili. Kumlaumu mnunuzi hapo ni dhuluma. Aliyeziuza alijua.

Kwa hiyo msimamizi wa mtandao wa hospitali, benki au chuo anayeyaacha maonyo yalundikane ana la kujibu mbele ya Mungu na mbele ya watu, na mtengenezaji ana zaidi. Uingereza imekwisha kuligeuza hilo kuwa sheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza huko kifaa cha nyumbani cha intaneti chenye nywila moja kwa wateja wote.