Mzazi Kijana na Dhamana ya Shule

Katika mila zetu nyingi mtu haombi cheo. Cheo humfuata alipoketi, kwa mikono ya wazee waliomtazama miaka mingi, nao humwita na kumwambia kwamba jambo fulani sasa liko juu yake. Hata hapo hukataa kwanza, mara moja au mbili, ili isidhaniwe kwamba alikuwa akingojea mlangoni. Mwenye kusimama mwenyewe na kusema, "Nipeni mimi," hutazamwa kwa shaka, na neno tunalomtupia ni uchu. Basi yafaa tujiulize: mzazi kijana, ambaye mwanawe wa kwanza ndiyo kwanza ameandikishwa darasa la kwanza, akisimama katika mkutano wa wazazi na kuomba achaguliwe katika kamati ya shule, je, amevunja adabu, au ametimiza wajibu?

Tusiharakishe kuicheka mila hiyo, maana ililinda mambo yenye thamani. Wahenga waliona kwamba anayeyataka mno madaraka huona taabu kuyaachia. Wanachama wa TANU walipoahidi kwamba cheo ni dhamana, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowawekea viongozi miiko, mbegu hiyo haikudondoka jangwani. Iliukuta udongo uliokwisha kulimwa. Kisha kuna jambo la malezi. Jandoni na unyagoni, mzazi hakuwa yeye aliyemfunda mwanawe mwenyewe. Kazi hiyo alipewa kungwi au somo, kwa kuwa ilijulikana kwamba jicho la mzazi likimwelekea mwanawe huona nusu tu. Tunaposema kwamba mkono mmoja haulei mwana, aghalabu tunafikiri juu ya wingi wa kazi. Sisi tunadhani methali hiyo yasema pia kwamba mkono ule mmoja, ukiachwa peke yake, hupendelea.

Walakini shule si jando. Mwalimu Nyerere, katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliitaka shule iwe sehemu ya jamii iliyoizunguka, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaitambua kamati ya shule. Kwa miaka mingi kazi ya kamati hizo haikuwa nzito sana: kuhimiza watu wafyatue matofali ya nyumba ya mwalimu, kumwita mzazi ambaye mwanawe anachunga mbuzi saa za masomo, kupokea wageni. Mzee mwenye sauti nzito na heshima alitosha kabisa. Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza, ada ikiwa imefutwa, mambo yaligeuka. Watoto walimiminika, wa miaka saba wakikaa na wa miaka kumi na mmoja katika darasa moja, na fedha za ruzuku na za ujenzi zikaanza kuteremka hadi shuleni. Kamati ikatakiwa ipange, inunue, isimamie na itoe hesabu. Tangu mwaka 2016, michango ya ada na ya lazima ilipoondolewa katika elimu ya msingi, macho ya wazazi yameelekea zaidi kwenye ruzuku hiyo. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati. Yeye huandaa ajenda na kuandika muhtasari. Asipokuwapo mjumbe wa kuisoma stakabadhi na kuuliza kwa nini mifuko ya saruji iliyoandikwa haikulingana na iliyopokelewa, basi hata mwalimu mwaminifu amewekwa mahali pa majaribu.

Watasema wengine kwamba kijana hajaiva. Hatuoni kwamba hoja hii yahitaji maneno mengi. Mwaka 1954 TANU ilipoundwa na kumchagua Nyerere awe Rais wake, alikuwa na umri wa miaka 32. (Ingawa tukiri kwamba kuongoza chama cha nchi nzima pengine ni kwepesi kuliko kumpinga baba mkwe wako katika kikao cha watu kumi.) Hoja iliyo nzito ni ile ya kuomba.

Nayo tunaijibu hivi. Asiyeomba si lazima awe hataki. Sote tumemwona mtu ambaye mkutanoni huinamisha kichwa na kusema hafai, ilhali usiku uliotangulia jamaa zake wamepita nyumba kwa nyumba. Mtu huyo hupata anachokitaka bila kuulizwa lolote, kwani nani atamhoji mtu aliyelazimishwa? Naye akiharibu, husema, "Mlinilazimisha wenyewe." Aombaye mchana, mbele ya watu, amejiweka mahali pa kuhojiwa mchana na mbele ya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kuinama huko ndimo tunamoiona adabu mpya isiyopungukiwa na ile ya kale. Tofauti ni kwamba adabu ya kale ilikuwa ya kukataa. Hii ni ya kujibu.

Lakini ajibu nini? Hapa tuna neno la kusimulia, maana sisi wenyewe tuliwahi kusimama hivyo mwaka ule wa 2002, mwanetu akiwa darasa la kwanza. Mkutano ulikuwa chini ya mwembe. Tulieleza kwamba tunajua hesabu, kwamba tutahudhuria kila kikao, na kwamba, kwa kuwa mwanetu atakuwa shuleni hapo miaka saba, hatutachoka mapema. Tuliona kuwa tumesema vizuri. Mzee mmoja akanyanyua mkono, akauliza, "Mwanangu, watoto wetu wanakaa chini. Likija dawati moja, mwanao atakaa wapi?"

Watu walicheka. Sisi tulisema, "Mzee wangu, atakaa chini." Wakapiga makofi, tukachaguliwa.

Mwaka uliofuata madawati yalikuja kweli, nayo yalitosha madarasa mawili tu. Kamati iliketi hadi jua likazama. Wengi walitaka yapewe darasa la saba na la sita, kwa ajili ya mtihani. Mwalimu wa darasa la pili akaitwa atoe maoni yake, akasema kwamba mtoto anayejifunza kuandika huku daftari liko juu ya goti huharibika mwandiko na mgongo pamoja, na kwamba mkubwa aliyekwisha kujua kuandika aweza kuvumilia. Tuliyapima maneno yake tukayaona ya kweli. Lakini mwanetu alikuwa darasa la pili. Tukanyamaza. Madawati yakaenda kwa wakubwa, nasi tukarudi nyumbani tukijiona watu safi. Mama watoto alipopata habari alisema neno moja tu: "Kumbe ulikwenda kutetea watoto wa wenzio." Hata hilo tulilihesabu kuwa sifa.

Ilituchukua miezi kutambua kwamba hatukuwa tumewatetea watoto wa wenzetu pia. Darasa lile lilijaa watoto wa watu ambao hawakuwa na mjumbe mwingine aliyekuwa tayari kusema. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na sisi tuliyeijua tuliizika ili jina letu lisiguswe. Tulidhani tumeshinda upendeleo, kumbe tulikuwa tumebadilisha tu yule tunayempendelea: badala ya mwana, nafsi. Watoto wale walilipa gharama ya usafi wetu kwa magoti yao.

Ndipo tunapoona ugumu halisi wa swali tulilolianza. Mzazi kijana anaifaa kamati kwa sababu ana mtoto darasani; analiona paa linalovuja kwa kuwa daftari la mwanawe limerudi limelowa. Na ni kwa sababu hiyohiyo anatiliwa shaka. Jicho lile linaloona nusu, lililowafanya wahenga wamkabidhi kungwi kazi ya mzazi, ndilo hilohilo linaloona kile ambacho asiye na mtoto darasani hakioni. Hatuwezi kuling'oa tukabaki na mwanga wake. Wala kulifumba, kama tulivyofanya, si uadilifu, ni kujificha.

Tulimwendea yule mzee nyumbani kwake, tukamweleza yote. Alikuwa akisuka mkeka wala hakuacha. Akasema, "Mimi nilikuuliza mwanao atakaa wapi. Sikukuambia unyamaze."

Fungu jingine la madawati lilipokuja, mwaka 2004, tuliomba kusema wa kwanza. Tulisema kwamba mwanetu yuko darasa la tatu, kwamba kila mjumbe aliweke jambo hilo akilini anapotusikiliza, na kwamba pamoja na hayo twaona madawati yaanzie darasa la pili na la tatu. Kisha tukaeleza sababu, tukatoka nje wapige kura. Tulikaa juu ya jiwe la msingi wa darasa jipya, tukizisikia sauti zao zikipanda na kushuka, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuja kutuita.