Maumivu Yakilala, Nani Akeshe?

Maumivu hayana rafiki, lakini yana kazi. Ndiyo yanayomwonya mtoto aondoe kidole motoni, na aliyevunjika mguu asiukanyage. Walakini, baada ya kisu cha tabibu kupita, onyo hilo huwa limechelewa: jeraha linajulikana, na sababu yake inajulikana. Kumwacha mgonjwa augue usiku kucha kwa habari ambayo kila mtu anayo ni ukatili uliovishwa jina la subira.

Kwa hiyo jitihada ya kurefusha ganzi ni jitihada ya huruma. Mwaka 1884 Carl Koller, tabibu wa Vienna, alidhihirisha kuwa kokeni huweza kulitia jicho ganzi bila ya kumlaza mgonjwa. Mwaka huohuo, New York, William Halsted alianza kuidunga kwenye mishipa ya fahamu. Alijijaribia mwenyewe, akawa mtumwa wa dawa hiyo. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Heinrich Braun wa Ujerumani aliichanganya na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu isiichukue dawa upesi. Leo deksamethasoni huongeza saa kadhaa, na mrija mwembamba ulioachwa kando ya mshipa wa fahamu waweza kupitisha dawa kwa siku mbili au tatu.

Lakini ganzi ikirefuka, upofu wa mwili hurefuka pia. Mkono usiohisi waweza kuungua mwenyewe asijue. Mguu usiohisi humwangusha. Uvimbe unaosonga damu ndani ya misuli, ambao ishara yake ya mapema ni maumivu makali, waweza kujificha. Tena, ganzi iliyotiwa mchana pengine huisha usiku wa manane, maumivu yakarudi kwa kishindo, tabibu yuko kwake amelala.

Je, basi mgonjwa aachwe aumie? Hasha. Amwondoaye mlinzi mlangoni hurithi zamu yake. Atiaye ganzi ana deni la kumwambia mgonjwa itakwisha lini, kumpa dawa ya kumeza kabla haijaisha, na kumweka mtu wa kutazama rangi na joto la vidole. Kila saa inayoongezwa kwenye ganzi huongezwa pia kwenye deni hilo. Huruma isiyokesha ni nusu ya huruma. Na nusu nyingine ndiyo mgonjwa huihitaji alfajiri.