Chumvi Iliyobaki na Ladha Tu



Somo letu ni Mathayo 5:13, pale Bwana anapowafananisha wanafunzi wake na chumvi.

Sisi watu wa Usoke twaijua thamani ya chumvi. Kabla ya reli, wapagazi waliitoa Uvinza, ambako maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa vyunguni, wakaileta huku Unyamwezi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Uvinza mwaka 1967 walithibitisha kwamba kazi hiyo ilikuwapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Wengine huuliza: chumvi yaweza kuharibikaje? Swali hilo ni la haki. Chumvi ya kula ni sodiamu na klorini zilizoshikamana, na jua haliwezi kuzitenganisha. Ionje baada ya miaka, ni ileile. Lakini siku hizi kiwandani hutiwa kitu kingine, kidogo sana, ambacho ulimi hauwezi kukitambua: madini joto. Hayo ndiyo yanayozuia uvimbe wa shingo, na kumlinda mtoto aliye tumboni asizaliwe na upungufu wa akili. Chumvi ikiachwa wazi, penye jua au unyevu, madini hayo hupotea kidogo kidogo. Ladha hubaki, bali msaada umekwenda.

Ndugu, hapo na tujipime. Kanisa laweza kubaki na ladha yake yote: kengele, kwaya, kanzu nyeupe, sare za akina mama. Mgeni akionja atasema, "Hawa ni Wakristo." Lakini huruma ikiisha kututoka, mjane aliye jirani hapati nafuu yoyote kwetu. Na sisi wenyewe hatuna habari, maana twaonja ladha ileile kila Jumapili.

Basi tuanze na jambo dogo. Wewe mwenye duka, usimwuzie jirani yako chumvi isiyo na madini joto kwa kuwa ni ya bei nafuu. Mtoto wake ndiye atakayelipa. Wewe mama, funika kopo lako la chumvi, uliweke mbali na moshi na mvuke wa jiko. Kisha kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye hajafaidika lolote kwa sisi kuwa Wakristo, akamtembelee kabla ya Jumapili ijayo.

Bwana na aturudishie kile kilichotutoka. Amina.